Kutoka 11–5 hadi 11–13: uchambuzi wa kisa cha timu moja ya Counter-Strike jijini Nairobi

Kisa hiki ni cha timu ya vijana watano na mimi, niliyekuwa mchambuzi wao wa kujitolea. Walicheza Counter-Strike, mchezo wa kompyuta wa kufyatuliana risasi, ambapo washambuliaji watano hujaribu kutega bomu na walinzi watano huwazuia. Jina la timu, la mashindano, la wapinzani na la mahali tulipochezea nimeyaondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyageuza ili mtu asitambulike. Wachezaji nawaita kwa kazi zao: Kapteni, Mdunguzi, Mwingiaji, Mviziaji na Msaidizi. Wote wamekisoma kabla hakijatoka. Mdunguzi hakukubaliana na sehemu moja, nami nimeyaweka maneno yake pale yanapohusika.

Usuli

Kenya ina jina katika michezo ya kompyuta, lakini zaidi kwenye michezo ya mmoja dhidi ya mmoja. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alitambulika nje ya nchi kwa Tekken, mchezo wa kupigana. Ukitaka kufanya mazoezi ya Tekken unahitaji mashine moja, pedi mbili na mtu wa kukupiga. Counter-Strike 2 ni balaa jingine. Inataka kompyuta tano zenye nguvu, intaneti tano zisizotetereka, stima isiyopotea kwa saa nne, na watu watano walio huru saa ile ile. Nairobi ukivipata vyote kwa pamoja Jumapili moja, umeshashinda nusu ya mechi kabla haijaanza.

Timu hii haikuwa na mdhamini. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mmoja fundi wa kompyuta, mmoja alikaa kwenye kibanda cha M-Pesa cha shangazi yake, na wawili walikuwa wakitafuta kazi. Mazoezi walifanyia nyumbani, kila mtu kwa mashine yake. Mechi za mashindano walichezea kwenye sebule ya kukodi mashariki mwa jiji, shilingi 100 kwa saa kwa kila mashine, na mwenyewe tulimwita Mzee. Mzee alikuwa na utaratibu mzuri: ukilipia mashine tano mapema, alizima zile nyingine zote hadi muda wako uishe, ili laini yote iwe yako.

Seva ya mashindano ilikuwa Johannesburg. Kutoka Nairobi pingi yetu ya kawaida ilikuwa kati ya milisekunde 60 na 70, yaani karibu sehemu ya kumi na tano ya sekunde kwa taarifa kwenda na kurudi. Wapinzani wetu, wakazi wa huko huko, walikuwa chini ya 15. Hili si jambo la kudharau. Katika mchezo huu seva hurudisha saa nyuma kidogo ili kuhakiki ulichokiona wakati ulipofyatua. Ndiyo maana mwenye pingi kubwa hufa akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta, kwa macho yake mwenyewe. Na ndiyo maana anayesimama akilinda pembe huumia kuliko anayechungulia, kwa kuwa anayechungulia humwona mwenzake kabla habari za kujitokeza kwake hazijafika upande wa pili. Wachezaji wa Afrika Kusini wenyewe wameishi na tatizo hilo wakitazama Ulaya na Marekani. Klabu ya Bravado iliwahamishia wachezaji wake Phoenix, Arizona, na Johnny Theodosiou, kapteni aliyepitia Bravado na ATK, baadaye aliichezea klabu ya Complexity huko huko Marekani. Umbali hauondolewi kwa mazoezi.

Lipo jambo moja zaidi la usuli, nalo ndilo lililotupofusha. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya kusini mwa Afrika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Wiki ile timu ilikuwa na mechi. Pingi ilipanda hadi mchezo ukawa kama picha za kubandika ukutani, tukapigwa 13–2, na hakuna aliyekuwa na la kujilaumu. Tangu siku ile neno “pingi” likawa na heshima ya pekee katika timu. Aliyelitamka hakuulizwa swali la pili.

Siku ya mechi

Ilikuwa mechi ya kufuzu, miezi kadhaa baada ya kebo kukatika. Bora katika ramani tatu, yaani viwanja vitatu vya mchezo, na anayeshinda viwili anapita. Tulilipia mashine kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja na nusu jioni. Kwenye karatasi muda ulitosha na kubaki, lakini mechi iliyotutangulia kwenye ratiba ilienda muda wa nyongeza na tukaanza kwa kuchelewa zaidi ya saa moja.

Nuke tulipoteza. Inferno tulishinda, na sina la kueleza zaidi ya kwamba Mwingiaji aliamka vizuri siku hiyo. Ramani ya tatu ikawa Mirage.

Mirage tulianza upande wa walinzi na tukamaliza nusu ya kwanza 8–4. Nasisitiza hapa kwa sababu ya yatakayofuata: pingi yetu ilikuwa 68 wakati tukichukua raundi nane kati ya kumi na mbili, tena upande ambao kwa kawaida pingi hutuumiza zaidi. Tulikuwa tumejifunza. Hatukukaa kwenye pembe tukingoja, tulichungulia wawili wawili, tukapiga, tukarudi. Msaidizi alirusha mabomu ya mwanga kwa saa kama mpishi wa chapati. Ile ndiyo nusu bora niliyowahi kuona timu hii ikicheza.

Tulipobadilisha upande tukawa washambuliaji, tukachukua raundi ya bastola, ile ya kwanza ambayo hakuna mwenye pesa za bunduki, na mbili zilizofuata. 11–4. Raundi ya 16 wakatuvunja, tukafa wote watano. 11–5. Katika Counter-Strike 2 mshindi ni anayefika 13 kwanza. Tulihitaji raundi mbili katika nane.

Wakati raundi ile ya 16 inaisha, Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Kapteni.

“Vijana, saa yenu imeisha.”

“Mzee, tupe nusu saa tu, tunamaliza.”

“Nusu saa ni mia mbili hamsini. Tuma nifunge hesabu.”

Kapteni aliinua simu.

Raundi nane

Raundi ya 17. Nimesoma pesa za kila mtu kwenye rekodi ya mechi, yaani pesa za mchezo za kununulia silaha mwanzo wa kila raundi. Kapteni alikuwa na 2,150, Mdunguzi 5,100, Mwingiaji 1,700, Mviziaji 2,600, Msaidizi 2,050. Kwa mwenye kuujua mchezo jibu liko wazi: funga mkanda, usinunue, kubali kupoteza raundi hii. Malipo ya kupoteza yanaanza 1,400 na kupanda kwa 500 kila unapopoteza tena mfululizo, hadi 3,400. Tungepokea 1,900 kila mmoja, na raundi ya 18 wanne kati ya watano wangenunua AK-47 ya 2,700 pamoja na fulana ya kuzuia risasi na kofia ya 1,000, na Mdunguzi angewanunulia wengine kilichopungua.

Katika timu yetu aliyesema “tunafunga” au “tunanunua” alikuwa Kapteni peke yake. Sekunde zile za kununua Kapteni alikuwa anaandika namba ya siri ya M-Pesa. Salio halikutosha. Akawa anamwandikia dada yake amtumie.

Kimya kile Mdunguzi alikitafsiri kuwa ruhusa. Akanunua AWP, bunduki ya mdunguzi, kwa 4,750, akabaki na 350, bila hata fulana. Mviziaji alipoona AWP imenunuliwa akadhani tunanunua, naye akachukua bunduki ya Galil. Wengine wakachukua bastola na fulana. Hapa ndipo Mdunguzi anatofautiana nami. Maneno yake: “Niliuliza, ‘tunafanya nini?’ Hakuna aliyenijibu. Mtu asipojibiwa anafanya anachokijua.” Nimerudi kwenye sauti ya siku ile, na ni kweli aliuliza. Tofauti yetu ni kwamba mimi naamini jibu la salama kwa swali lisilojibiwa ni kutonunua. Tulikufa sote haraka, na mpinzani mmoja akaiokota AWP yetu. 11–6.

Raundi ya 18 hatukuwa na pesa, tukafunga mkanda kwa lazima. AWP yetu wenyewe ikatuua watu wawili. 11–7.

Raundi ya 19 ndiyo ninayoifundishia hadi leo. Tulikuwa na pesa, tumenunua kamili. Tulicheza polepole, tukitafuta mwanya katikati. Mwingiaji akafa, Msaidizi akafa. Zilipobaki sekunde 25, watatu waliobaki walikuwa mbali na maeneo yote mawili ya kutega bomu, na wapinzani wanne walikuwa hai. Kapteni akasema, “Okoeni bunduki.” Wakajificha. Saa ikaisha.

Kuokoa bunduki ni busara ya kawaida, lakini si upande wa washambuliaji saa inapoisha. Kanuni ya mchezo ni kwamba mshambuliaji anayebaki hai muda ukiisha bila bomu kutegwa halipwi malipo ya kupoteza. Hata senti. Wawili waliokufa walipata 2,900 kila mmoja, na watatu walioponea wakapata sifuri. Kapteni anaijua kanuni hiyo kuliko mimi, aliniambia hivyo mwenyewe kesho yake, amejishika kichwa. Lakini wakati ule dada yake alikuwa ameshatuma pesa, ujumbe umeingia, na Mzee hakuwa tena pale nyuma. 11–8.

Raundi ya 20 watatu walikuwa na AK na karibu 500 mfukoni, wawili na vifaa vya kubahatisha. Ili kuingia eneo la A, moja ya yale mawili ya kutega bomu pale Mirage, kwa usalama unataka moshi tatu, yaani mabomu ya moshi ya kuwaziba macho walinzi: kwenye ngazi, kwenye kichaka, na upande wanakotokea walinzi. Tulikuwa na mbili. Tulitega bomu, lakini hatukuweza kulilinda, kwa sababu mtu alitembea kutoka pale ambapo moshi wa tatu ungekuwa. 11–9.

Raundi ya 21 pesa zilirudi, kwa kuwa malipo yalikuwa yamefika kileleni na kutega bomu kuna nyongeza yake. Tukaenda A tena, kwa moshi zile zile na mpangilio ule ule. Mpinzani mmoja akarusha bomu la kulipuka katikati ya moshi wetu. Katika toleo hili mlipuko hufungua tundu kwa sekunde chache, na watatu wakapigwa kupitia tundu hilo. Walikuwa wanatungoja. 11–10.

Raundi ya 22 bunduki zilikuwepo, mabomu hayakuwepo. Ni hapa, kwa mara ya kwanza katika ramani nzima, ndipo pingi ilipopanda. Skrini ya matokeo inaonyesha 68, kisha 97, kisha 142. Mwingiaji akapiga kelele, “Pingi! Pingi!” na wote tukaipokea kama habari tuliyokuwa tukiingoja. 11–11. Raundi ya 23 ilikuwa hivyo hivyo, 11–12. Ya 24 pingi ilishuka hadi 80 na kitu, Mviziaji akabaki peke yake dhidi ya wawili, akamwangusha mmoja. 11–13.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Kumcheka mtu aliyenunua AWP bila fulana ni rahisi ukiwa na chai mkononi na rekodi mbele yako. Swali la maana ni kwa nini watu watano wenye akili, walioichambua michezo ya wengine usiku kucha, walifanya hivi.

Kwanza, Kapteni alikuwa na kazi mbili. Yeye ndiye aliyekodi mashine, aliyejua namba ya Mzee, aliyeshika mchango wa kila mtu, na aliyeandikiana na waandaaji kuhusu kuchelewa kwa ratiba. Hakujinyakulia kazi hizo. Zilimfuata kwa sababu alikuwa mtu wa kutegemewa, na mtu wa kutegemewa Nairobi huongezewa mzigo hadi siku anapoangusha.

Pili, hakuna aliyeomba muda. Kanuni za mashindano yale ziliruhusu kila timu kusimamisha mchezo mara tatu kwa kila ramani, sekunde 30 kila mara. Tulitumia mara moja tu, nusu ya kwanza. Mbili zilibaki hadi mwisho, kama pesa ya akiba ya marehemu. Niliwauliza mmoja mmoja kwa nini, na majibu yalifanana kiasi cha kuchosha: ilikuwa kazi ya Kapteni kuomba. Msaidizi alisema alifikiria kufanya hivyo baada ya 11–7, kisha akaona ingeonekana kama anamkosoa mkubwa wake mbele ya watu.

Tatu, nami nimo. Mwaka 2016 Valve, wenye mchezo huu, ilizuia makocha kuzungumza na wachezaji katikati ya raundi kwenye mashindano yake makuu, na mashindano mengi madogo yakafuata. Wa benchi aliruhusiwa kusema muda ukiombwa tu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Mzee. Ningeweza kumshika mkono, nimtoe nje, nimlipe. Nilikuwa na mia tatu mfukoni. Sikufanya hivyo kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kona ya skrini, nikiangalia pingi.

Matokeo

Tulitoka. Usiku ule ule Kapteni aliwaandikia waandaaji malalamiko kuhusu intaneti, akiambatanisha picha ya 142. Walijibu kwa adabu kwamba hitilafu ya kiufundi hudaiwa wakati inapotokea kwa kusimamisha mchezo, si baada ya mkono wa kwaheri. Walikuwa sahihi.

Mdunguzi aliondoka baada ya wiki mbili. Hakukuwa na ugomvi wa wazi, lakini kwenye kundi letu la WhatsApp mtu aliweka picha ya AWP yenye maneno “350 bob”, na wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

Uchambuzi

Niliporudi kwenye rekodi nilikuwa natafuta ushahidi wa pingi. Nilitaka kuandika waraka wa kuonyesha jinsi timu za Afrika Mashariki zinavyoonewa na ramani ya dunia. Ushahidi ulinigeuka. Kati ya raundi nane tulizopoteza mfululizo, sita pingi ilikuwa ya kawaida yetu au karibu nayo, ile ile tuliyoongoza nayo 8–4. Mbili tu ndizo zilizoharibika, na zilipofika tulikuwa tumeshapoteza tano kati ya hizo nane.

Halafu likaja la pili, ambalo nililipata nilipoenda kumlipa Mzee. Nilimuuliza kama laini yake ilikuwa na shida Jumapili ile.

“Shida gani? Saa yenu iliisha, hamkutuma. Nikawasha mashine zingine. Walikuja vijana wanne, wawili wakaanza kupakua magemu, wengine wakaangalia mpira.”

Basi ile pingi ya 142 haikutoka baharini. Ilitoka meta nne nyuma yetu. Pesa za dada zilipoingia, Mzee alikuwa ameshaondoka pale nyuma, na kwa kuwa hazikufika kwake hakuwa na sababu ya kuwanyima wateja wengine. Raundi ya 23 ilipokaribia kuisha mmoja wa wale vijana alimaliza kupakua, na pingi ikashuka. Hata kile kisingizio chetu kilikuwa mtoto wa tatizo lile lile lililomfanya Mdunguzi anunue gizani.

Sisemi pingi ni hadithi. Mei 2024 ilituua kwelikweli, na mtu yeyote anayeishi hapa na kucheza Johannesburg au Frankfurt anajua anachokilipa kila anaposimama kwenye pembe. Ugumu wa malalamiko ya kweli ni kwamba hayana mtu wa kuyahoji. Uongo ungepingwa na mmoja wetu. Hili hakuna aliyelipinga, mimi wa kwanza kunyamaza.

Anayedhani kuporomoka kwa namna hii ni ugonjwa wa wenye intaneti mbovu aangalie fainali ya mashindano makuu ya Counter-Strike ya Boston, Januari 2018. FaZe Clan, wakiongozwa na Finn Andersen anayeitwa karrigan, walikuwa mbele 15–11 kwenye Inferno, ramani ya tatu, enzi ambazo ushindi ulikuwa raundi 16. Walihitaji moja tu. Cloud9 waliwarudisha hadi muda wa nyongeza, mara mbili, wakashinda 22–19. Pale wote walikuwa ukumbi mmoja. Hakuna kebo ya bahari ya kulaumiwa.

Kilichofanya kazi kilikuwa kingi, na naogopa kitasahaulika kwa sababu ya alama za mwisho. Kuchungulia wawili wawili badala ya kulinda pembe ndiyo jibu sahihi kwa pingi ya 68, na nusu ya kwanza ilithibitisha. Mabomu ya Msaidizi yalikuwa ya kiwango cha juu kuliko timu yetu. Mpango wa Mzee wa kuzima mashine nyingine ulikuwa mzuri mno hata hatukugundua kwamba tulikuwa tunaununua. Tulidhani tunalipia viti.

Kilichoshindwa ni mpangilio wa nani anaamua nini, mwenye kuamua akiwa hayupo. Timu ilikuwa na mipango kumi na minne ya kuingia eneo la A na B. Haikuwa na mpango wa sekunde ishirini za ukimya. Ukitazama raundi ya 17 kwa jicho hilo, AWP ni dalili tu: mtu mwenye pesa kuliko wote aliachwa aamue peke yake, akaamua kama mdunguzi. Raundi ya 19 nayo ni Kapteni aliyeijua kanuni lakini hakuwa na nafasi kichwani ya kuikumbuka. Na raundi ya 21, kurudi A kwa njia ile ile, ni timu isiyo na mtu anayefikiri mbele. Ukichoka unarudia ulichokifanya jana.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Je, tungeshinda kama ningemlipa Mzee pale pale? Wapinzani walikuwa wazuri, na bomu lile kupitia moshi halikuwa bahati. Nadhani tungepata zile raundi mbili. Lakini nadhani tu.

Waliyobadilisha

Sasa Msaidizi ndiye mshika mfuko. Neno la kununua au kufunga ni lake, na asiposema kitu hakuna anayenunua. Mwanzoni lilizua vurugu kwa sababu Msaidizi ni mpole, lakini baada ya mwezi akawa anasema “funga” kwa sauti ya kondakta wa matatu.

Yeyote kati ya watano anaweza kuomba muda, na baada ya kupoteza raundi tatu mfululizo ni lazima mmoja aombe. Tumejaribu kuifanya iwe kawaida kiasi kwamba haina maana yoyote kuhusu heshima ya Kapteni. Haijawa kawaida kabisa.

Mambo ya nje ya mchezo nimeyachukua mimi. Mashine zinalipiwa hadi saa sita usiku, mechi iishe isiishe. Simu ya Kapteni inakaa mfukoni mwangu. Kwenye ukuta karibu na skrini tuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: ukiwa mshambuliaji na saa inaisha, nenda ukafe au utege.

Mashindano yaliyofuata tulitolewa robo fainali, 13–9 na 13–10, na timu iliyotuzidi kwa shabaha. Pingi ilikuwa 71 mwanzo hadi mwisho. Niliuliza baada ya mechi kama kuna mwenye neno kuhusu intaneti, na Mwingiaji akafungua mdomo, akaangalia skrini, akaufunga.

Mdunguzi anachezea timu nyingine ya hapa hapa jijini. Tulikutana nao kwenye mechi ya mazoezi, na raundi ya nne, wakiwa hawana pesa, nilimsikia kupitia kipaza sauti cha mwenzake akisema, “Hapana, tunafunga.” Nilimwandikia usiku ule. Alijibu kwa picha ya AWP na maneno mawili: “350 bob.”